Matawi ya Saikolojia Hukutana kwa Mtu Mmoja

Kila mwaka wanafunzi wa saikolojia kutoka vyuo vikuu vya hapa Nairobi huletwa katika kituo chetu cha huduma za kisaikolojia kufanya mazoezi ya kazi, na swali wanaloniuliza mapema, hata kabla hawajazoea foleni ya asubuhi, ni tawi gani la saikolojia linalofaa kusomewa zaidi. Wengine wameambiwa kwamba saikolojia tiba ndiyo yenye ajira. Wengine wanapenda watoto, kwa hiyo wanaitaka saikolojia ya makuzi. Wapo pia wanaolalamika kwamba walipoteza muhula mzima wakisoma majaribio ya kumbukumbu na ya hisi, ambayo hawaoni yatamsaidiaje mama wa Kayole aliyefiwa na mumewe. Ninawaelewa, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa sote: kumbukumbu ina kozi yake, makuzi yana kozi yake, ushauri nasaha una kozi yake, na kila mhadhiri hutunga mtihani wake bila kugusa somo la mwenzake. Lakini miaka niliyofanya kazi na wakazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, imenithibitishia kwamba ratiba ya chuo ni jambo moja na elimu yenyewe ni jambo jingine.

Jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alielewe mapema ni kwamba matawi haya hayakugawanywa kwa kipimo kimoja. Tunapotaja kumbukumbu, umakini, hisi na kujifunza, tunagawanya kwa kuangalia akili inafanya kazi gani. Tunapotaja saikolojia ya makuzi, tunagawanya kwa umri. Saikolojia ya jamii humtazama mtu akiwa kati ya wenzake, ile ya ubongo na neva humtazama kupitia mwili wake, na saikolojia tiba, ya elimu na ya kazi zimegawanywa kufuatana na mahali ambapo mwanasaikolojia anahitajika, yaani hospitalini, shuleni au kazini. Kwa hiyo kuuliza kama tatizo la mtu ni la kumbukumbu au ni la saikolojia tiba ni sawa na kuuliza kama jirani yako ni mkazi wa mtaa wa Umoja au ni fundi cherehani. Anaweza kuwa yote mawili, na mara nyingi ndivyo alivyo. Mtoto wa miaka kumi anayeshindwa kusoma darasani yumo ndani ya matawi yote kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja linalommiliki.

Nitaeleza habari za mtoto wa namna hiyo, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha.

Aliletwa na mama yake akiwa Gredi ya Tano, pamoja na barua ya shule iliyosema kwamba ni mkaidi, hashiriki darasani na huenda ana matatizo ya kisaikolojia. Mama alikuwa amechoka kuitwa shuleni. Akaniambia, "Daktari, huyu ana kichwa kigumu. Nyumbani nikimwita mara tatu ndipo anageuka, na akigeuka ananiangalia kama ambaye sijasema kitu." Mtoto mwenyewe alikaa akiwa ameinamisha kichwa, akijibu maswali kwa "ndiyo" hata pale ambapo "ndiyo" haikuwa na maana. Mwanafunzi wangu wa mazoezi, ambaye alikuwa msomaji mzuri wa saikolojia tiba, alikwisha kuandika pembeni mwa karatasi yake maneno mawili: unyogovu, na ukaidi wa kupinga wakubwa.

Niliomba daftari la imla. Nililipitia polepole, mstari kwa mstari, na makosa hayakuwa yametawanyika ovyo. Maneno manne au matano yalifuatana yakiwa sahihi kabisa, pamoja na magumu, kisha yakafuata matano yaliyoharibika vibaya, kisha sahihi tena. Mtoto asiyejua tahajia hakosei kwa mafungu. Nikamuuliza mama kama anajua jinsi mwalimu anavyosoma imla. Yeye hakujua, lakini mtoto alijibu bila kuinua kichwa kwamba mwalimu hutembea kati ya madawati. Alipokuwa mbele, mtoto aliuona mdomo wake. Alipopita nyuma, ilibaki sauti tu, na sauti haikumtosha. Nikasimama, nikaenda kwenye kabati lililokuwa nyuma ya kiti chake, nikamwambia kwa sauti ya kawaida achukue kalamu. Hakutikisika. Nikarudi mbele yake, nikarudia maneno yale yale, akaichukua.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuta maji yaliyoganda nyuma ya ngoma ya sikio katika masikio yote mawili, na kipimo cha usikivu kikathibitisha kwamba mtoto alikuwa akisikia kwa shida, tena kwa namna inayobadilika. Hali hiyo huzidi mtu akiwa na mafua, na mama akakumbuka kwamba malalamiko ya shule yalikuwa yakiongezeka kila baridi ya Julai ilipoanza. Usikivu unaobadilika huwapotosha watu wazima kuliko uziwi kamili, kwa sababu mtoto anayesikia leo na kutosikia kesho huonekana ni mtoto anayechagua. Hapo tayari matawi mawili yalikuwa yamekutana, la hisi na la jamii: sikio lilikuwa limejaa maji, na wanadamu waliomzunguka walikuwa wamelitafsiri sikio hilo kuwa tabia. Sisi binadamu huwa na mwelekeo mkubwa wa kueleza kitendo cha mwenzetu kwa kutaja alivyo, badala ya kuangalia hali aliyomo, na saikolojia ya jamii imelichunguza jambo hilo kwa miongo mingi.

Nilimsimulia mwanafunzi wangu habari za mwanasaikolojia Lightner Witmer, kwa sababu historia hiyo yenyewe ni hoja. Witmer alipata shahada yake ya uzamivu Leipzig, Ujerumani, kwa Wilhelm Wundt, ambaye mwaka 1879 ndiye aliyeanzisha maabara inayohesabiwa kuwa mwanzo wa saikolojia ya majaribio, mahali ambapo watu walipima hisi na kasi ya mwitikio. Mwaka 1896 Witmer alifungua zahanati ya kwanza ya kisaikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na mteja wake wa kwanza aliletwa na mwalimu wake. Alikuwa mvulana aliyekuwa hodari katika mambo mengine lakini akishindwa vibaya na tahajia. Witmer aligundua kwamba macho yake yalikuwa na kasoro, akapewa miwani pamoja na masomo ya ziada. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1907, Witmer huyo huyo ndiye aliyelipa jina tawi tunaloliita saikolojia tiba. Kwa maneno mengine, saikolojia tiba ilianza na tatizo la shule, lililoletwa na mwalimu, likachunguzwa kwa ujuzi wa maabara ya hisi. Anayeitenga na saikolojia ya elimu na ile ya majaribio anaitenga na wazazi wake wote wawili.

Baada ya masikio kutibiwa, wengi wetu tungetarajia kwamba mambo yamekwisha. Hayakuisha. Mtoto alikuwa akisikia vizuri sasa, lakini aliendelea kunyamaza darasani na kuinama kila alipoulizwa swali. Hapa maelezo ya hisi yalikuwa yamefika mwisho wa uwezo wake, na ilibidi kuingia katika saikolojia ya kujifunza. Kwa miaka miwili mtoto huyu alikuwa amejifunza, kwa uthabiti mkubwa, kwamba akijibu atakosea na darasa litacheka, na kwamba akinyamaza mwalimu hatimaye atamwacha na kumwendea mwingine. Kunyamaza kulimpa nafuu kila mara, na kitendo kinacholeta nafuu hujirudia. Kusikia vizuri hakukuifuta elimu hiyo. Tulikubaliana na mwalimu wa darasa, ambaye nasema kwa furaha kwamba alilibeba jambo hili kama lake, amuulize mtoto maswali ambayo jibu lake amekwisha kulikagua daftarini, kwanza akiwa peke yake mezani, kisha katika kikundi cha wanne, kisha mbele ya darasa. Wakati huo huo tulizungumza na mama kuhusu neno "mkaidi" lilivyokuwa limekaa nyumbani, na kuhusu mtoto wa umri huo anavyoanza kujilinganisha na wenzake na kujipimia thamani yake kwa yale anayoweza kuyafanya, jambo ambalo mtoto wa miaka minne hajali. Hilo la mwisho ni somo la makuzi. Sikulisoma kwa ajili ya mtihani. Nililihitaji Jumanne hiyo ili nimweleze mama kwa nini mwanawe analia akipata alama tano kwa kumi.

Wanafunzi huniuliza: sasa ni tawi gani lililomponya? Mimi huwauliza ni lipi kati ya hayo wangeliondoa.

Kisa cha pili ni cha mama mmoja aliyekuja kwa sababu ya kukosa usingizi, akiwa amekaribia kustaafu. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, alikuwa kazini katikati ya jiji, karibu na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa asubuhi hiyo. Watu 213 walifariki hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Walionusurika wanakumbuka kwamba kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mlio mdogo zaidi, na kwamba watu wengi katika majengo ya jirani waliukimbilia upande wa dirisha kutazama kuna nini. Mlipuko wenyewe ukawakuta hapo, na vioo vikawaharibu macho na nyuso. Mama huyu ndiye aliyemwita mwenzake dirishani. Alikuwa amepata ushauri nasaha wakati ule, kama walivyopata watu wengi, kwa kuwa msiba huo ndio uliowafanya wakazi wengi wa Nairobi waujue ushauri nasaha kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameombewa na kufarijiwa. Lakini kila faraja iligonga mahali pamoja: "Mimi ndiye niliyemwita. Kwa nini nilimwita?"

Kilichomfungua kidogo hakikutoka katika kitabu cha tiba. Kilitoka katika fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula, aliona katika maabara yake kwamba mbwa akisikia sauti mpya huelekeza kichwa, macho na masikio upande ule papo hapo, kabla ya jambo jingine lolote. Mwanadamu hufanya vivyo hivyo. Mwili huelekea kwenye sauti ya ghafla kabla ya fikra kuamua, kwa kuwa kiumbe anayechelewa kujua kilichotokea huwa hatarini zaidi. Nilimweleza mama polepole kwamba jengo zima liligeuka, ghorofa kwa ghorofa, na kwamba mwenzake naye alikuwa na masikio na shingo yake mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama wale wa majengo mengine pia walienda dirishani bila kuitwa. Nikamwambia ndiyo. Siwezi kudai kwamba hatia yake iliisha kwa sababu ya mbwa wa Pavlov. Ilichukua muda, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya kuzungumza na kuomboleza. Hata hivyo ninaamini kwamba huruma peke yake isingelijibu swali lake, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli na lilihitaji jibu la kweli, na jibu hilo lilikuwa limekaa katika tawi ambalo wanafunzi wangu huliita kavu.

Dereva wa matatu ndiye aliyenifundisha mpaka wa tiba yenyewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, wa njia ya Thika Road, na alikuja kwa sababu tangu ajali fulani, ambayo mtu alifariki ingawa kosa halikuwa lake, mikono ilimtetemeka kila alipokaribia mzunguko wa barabara ilikotokea ajali hiyo na kusikia breki za lori. Mpaka hapo mambo yalieleweka. Hofu iliyofungamana na mahali na sauti ndiyo hasa ambayo saikolojia ya kujifunza inaijua. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyompunguzia mtoto mdogo hofu ya sungura, kwa kumsogeza mnyama huyo karibu hatua kwa hatua mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda. Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, aliijenga njia ya kitabibu juu ya wazo hilo hilo baada ya kufanya majaribio yake, na mwaka 1958 akaichapisha. Tulifuata njia hiyo: kwanza kuusimulia mzunguko, kisha kuupita akiwa abiria siku ya Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, kisha kuendesha mwenyewe gari likiwa tupu. Ilifanya kazi. Mikono ikatulia.

Lakini hakuwa mzima. Nilimpa hojaji ya maswali 9 ambayo hutumika sana kupima dalili za unyogovu katika wiki mbili zilizopita, ambapo kila swali huwa na alama 0 hadi 3, jumla ikiwa 27, na alama 10 kwenda juu hutufanya tuchunguze zaidi. Alipata 12. Mwanafunzi aliyekuwa nami alitaka kumwandika kuwa na unyogovu wa wastani na kumpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nikamwomba aangalie alama hizo zimetoka wapi. Karibu zote zilikuwa katika usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini. Katika huzuni na kujiona hana thamani alikuwa ameandika sifuri. Hapa ndipo elimu ya upimaji, ambayo haina mashabiki, inapoilinda tiba dhidi ya haraka yake: jumla ni namba tu, na namba moja inaweza kujengwa kwa matofali tofauti kabisa.

Nikamuuliza, "Mzee, siku yako huanza saa ngapi?" Huondoka nyumbani saa kumi alfajiri, akafika nyumbani saa nne usiku. Hizo ni saa 18 za kuwa macho, kwa siku sita za wiki, kwa sababu mwenye gari ana kiwango chake cha fedha anachokitaka kila jioni, na foleni ya Nairobi haimwonei huruma mtu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi za uratibu wa macho na mikono kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Hata kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Norman Mackworth wa Cambridge alikuwa ameombwa achunguze kwa nini waangalizi wa rada walikosa kuona dalili za adui, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1948, yakaonyesha kwamba uangalifu huanza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza ya kazi ya kungojea tukio adimu. Dereva wangu hakuwa mgonjwa wa huzuni. Alikuwa mtu mwenye ubongo wa kawaida aliyepewa kazi isiyopangwa kwa ubongo wa kawaida. Tiba ya mazungumzo kwa mtu huyo, ikiwa peke yake, ingekuwa kumfundisha kuvumilia jambo ambalo halipaswi kuvumiliwa, na hilo linanikera hadi leo.

Tulipokutana na viongozi wa sacco yake, yaani chama cha ushirika cha matatu, nilienda na mambo ya saikolojia ya kazi: zamu mbili badala ya moja, na mapumziko yenye saa maalumu. Mmoja wao alisema kwamba shida ni madereva wenyewe kukosa nidhamu. Nilimweleza kuhusu utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya na wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, uliochapishwa mwaka 2011. Walibandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vilivyowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha ovyo, na madai ya bima ya magari hayo yakapungua kwa nusu au zaidi yakilinganishwa na magari yasiyobandikwa. Dereva hakufundishwa nidhamu yoyote. Waliobadilika ni watu kumi na wanne waliokaa nyuma yake. Kwa nini abiria hunyamaza? Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walilipata jibu lake mwaka 1968 huko New York, walipoingiza moshi katika chumba walimokaa wanafunzi wakijaza hojaji. Kati ya waliokaa peke yao asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa, lakini katika makundi ya watu watatu ni asilimia 38 tu ya makundi ambamo hata mtu mmoja alitoa taarifa. Kila mtu humwangalia mwenzake, akimwona ametulia hudhani hakuna hatari. Kibandiko kinampa abiria ruhusa ambayo wenzake hawakumpa. Sacco ilikubali zamu mbili kwa baadhi ya magari, si yote, na dereva wangu akaangukia katika yale yaliyokubaliwa. Mwezi uliofuata alijaza hojaji ile ile akapata 4.

Kuna jambo linalokata katikati ya matawi yote, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya saikolojia tunayoitumia ilijengwa kwa kuwachunguza watu wa mahali pengine. Sisemi hivyo kwa kulalamika, kwa sababu Afrika Mashariki nayo imechangia zaidi ya wanafunzi wetu wanavyojua. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi hufundishwa kila chuo, alianza uchunguzi wake mwaka 1954 katika vijiji vya karibu na Kampala, akizitembelea familia 26 na kuwatazama watoto wachanga wakiwa na mama zao. Mwaka 1976 Charles Super alionyesha kwamba watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, hapa Kenya, waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini hawakuwatangulia katika kutambaa. Sababu ni kwamba mama wa Kipsigis humfundisha mtoto kuketi na kutembea kwa makusudi, wala hamfundishi kutambaa. Kwa hiyo hata jedwali la makuzi ya misuli, ambalo mtu angedhani ni la mwili mtupu, lina mkono wa jamii ndani yake. Na mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, ambao ulionyesha kwamba waliozijua vizuri dawa za mitishamba za nyumbani walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya shule. Kila nikimpima mtoto aliyehamia Nairobi kutoka mashambani, utafiti huo huniketisha chini: huenda ninapima muda aliopewa kwa shule, si akili yake.

Madhara ya kulisahau hilo yako karibu nasi. J. C. Carothers, aliyekuwa daktari msimamizi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika taarifa iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtumia kueleza vuguvugu la Mau Mau kama tatizo la akili za watu, si la ardhi waliyonyang'anywa. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa mwanafunzi niliona ubaguzi peke yake, na ubaguzi ulikuwapo waziwazi. Sasa ninaona pia jinsi ulivyopata njia. Alikuwa na tawi moja, la magonjwa ya akili. Akawachukua wagonjwa na wafungwa, akaruka kutoka kwao hadi kwenye ubongo wa bara zima, na njiani hakusimamishwa na mtu wa makuzi aliyewaona watoto wakikua, wala mtu wa jamii aliyejua shamba linamaanisha nini kwa Mkikuyu, wala mtu wa upimaji ambaye angemuuliza sampuli yake aliipata wapi. Matawi mengine yana kazi hiyo pia, ya kulizuia tawi moja lisiseme lisilolijua.

Sheria ya mwaka 2014 inayowasajili washauri nasaha na wanasaikolojia nchini imetusaidia kujua nani amefuzu nini, nami naiunga mkono. Inafaa mtu asifanye asichofunzwa. Lakini kufuzu katika tawi moja hakumzuii mtu kuuliza swali la tawi jingine na kumtuma mteja kwa anayeweza kulijibu, na hicho ndicho ninachojaribu kuwafundisha wanaokuja kwetu. Fomu yetu ya kumpokea mtoto inaanza na macho, masikio, usingizi na chakula. Kisha inakuja lugha anayoizungumza nyumbani na aliyofundishwa nayo, kisha shule, kisha kinachotangulia na kinachofuata tabia inayolalamikiwa, na hisia zake huulizwa baada ya hapo, ingawa mtoto mwenyewe akianza nazo tunaiweka fomu kando.

Mwenzangu ninayegawana naye ofisi haafikiani nami kuhusu mpangilio huo kwa watu wazima. Yeye anasema mtu mzima wa Nairobi aanzwe na kazi, kodi ya nyumba na nani anamtegemea, kwa kuwa usingizi na chakula hufuata hapo, na kisa cha dereva kinampa nguvu kunishinda. Nimekubali. Fomu ya watu wazima sasa inaanza na mambo hayo, kisha ndipo inaingia mwilini. Tunachobishania bado ni vijana wa sekondari, ambao mwili wao unabadilika kila muhula na huku wenzao wa bwenini wana nguvu juu yao kuliko mzazi au mwalimu yeyote. Kwao tumechapisha fomu mbili zenye maswali yale yale kwa mpangilio tofauti, na kila mmoja wetu anatumia yake hadi mwisho wa mwaka, ndipo tutakaa na mafaili yote mezani tuone ni ipi iliyotufikisha haraka kwenye jambo lenyewe.